Toleo la Tano

Nimetoka zamu ya usiku Bombo saa moja asubuhi,
macho yanawasha: popo mbili zavuka mto.
Nikapitia dukani kwa Shekigenda, Barabara ya Kumi na Mbili,
kabla hajatundika mabeseni mlangoni.
"Zimeingia," akasema. Hakusema nini.
Mgonjwa wa siku nyingi hatajiwi jina la dawa.

Boksi limekuja na basi kutoka Dar,
linanuka dizeli na vitunguu.
Pakiti nne, karata kumi kila moja, elfu nane.
Ndiyo nauli yangu ya wiki.
Basi, wiki hii Makorora nitaijua kwa miguu.

Mhina anacheza mamba.
Semboja ana nyoka arobaini, na maringo ya nyoka.
Mimi ni wa popo tangu toleo la kwanza:
kwa ndege anajiita mnyama, kwa wanyama anajiita ndege,
kodi haimpati huku wala kule,
na analala ninapolala.

Pazia nimelishusha. Napima.

*Popo Mfalme.* Inameta, ukingo wa dhahabu,
bawa moja limetoka nje ya fremu.
Mbegu saba kumwita.
Saba! Hadi nizipate hizo saba
Semboja ameshanimeza na kujivua gamba.
Hii ya kuuza. Mhina atatoa elfu kumi na tano
apate tu kuitazama akiwa chooni.

*Popo wa Mkungu.* Mbegu mbili, meno mawili, ngozi moja.
Akitua, okota karata moja iliyokufa.
Hapo sawa.
Na mchoraji anamjua popo: chini ya tawi
ameweka kungu zilizotafunwa upande mmoja,
kama zile ninazozikanyaga uani hospitali saa tisa usiku.
Nimepata wawili. Wanaingia wawili.

*Kivuli cha Mbawa.* Nimeisoma mara tatu.
Maneno mengi kama fomu ya bima.
Ukitoa "endapo", ukitoa "isipokuwa",
kinachobaki ni adui apungue moja.
Aa, hapana.

Halafu *Samadi ya Popo.*
Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.
Karata ya kawaida, haimeti,
picha ni lundo jeusi pangoni, basi.
Haina meno. Haina ngozi. Kuicheza bure.
*Kila popo arudipo pangoni, chipusha mbegu moja.*

Nikaketi wima.

Maana popo wangu kazi yao ni kurudi,
wanauma, wanarudi, wanauma, wanarudi,
miaka miwili wanarudi mikono mitupu,
na mimi mbegu zinaniishia mzunguko wa nne,
wa tano nazikwa.
Kumbe ugonjwa niliokuwa nautafutia mfalme
dawa yake mavi.

Zimo tatu. Tatu zote ndani.

Sasa sheria ni arobaini. Wameingia watano, watoke watano.
Wanne hawakunisumbua.
Wa tano ni *Popo Kipofu*, toleo la kwanza,
mbegu mbili, jino moja, ngozi moja,
kona haipo: mdogo wangu Kihiyo aliitafuna
akiwa na miaka mitatu,
leo yuko darasa la sita, ananisahihisha hesabu.
Niliiweka kando ya yule wa Mkungu.
Gharama ileile. Mwenzake anazidi jino, anazidi na kipaji.
Hakuna la kujadili.
Wodini kitanda hakipewi mtu
kwa sababu alikizoea.
Nikaitoa, nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga
pamoja na wenzake waliostaafu, nikabana kifuniko,
nikalala.

Saa kumi jioni nikaamka. Maji yamekatika.
Kifuniko cha kopo kiko sakafuni.
Nikahesabu fungu langu, nikahesabu tena polepole,
kidole kikilowa mate:
arobaini na moja.